Pindo la Taya

Walimwita Jeki kwa sababu siku moja, enzi za ujana wake, jeki ya gereji iligoma, na yeye akaweka bega chini ya gari dogo mpaka mumewe akamaliza kusogeza tofali. Waliokuwepo walisimulia, wasiokuwepo wakaongeza chumvi, na kufikia wakati mumewe anafariki gari lile dogo lilikuwa limeshakuwa lori la mchanga. Yeye hakuwahi kukanusha. Biashara ya matairi inahitaji jina.

Sasa umri ulikuwa umekwenda, na gereji ilikuwa mikononi mwa mwanawe wa pekee, angalau kwenye kibao cha nje. Ndani mambo yalikuwa yale yale. Jeki alifika kabla ya mwanawe, akafungua mlango wa mabati, akapanga matairi, na lori likija alikunja mikono ya gauni akaliviringisha tairi mwenyewe hadi kwenye mashine ya kulitoa rimu. Mwanawe alishachoka kumwambia apumzike. Kila alipomwambia, mama alimwuliza kama amewahi kumwona akiugua, na kweli mwana hakuwahi. Mkono uliovunjika mwaka wa nyuma haukuhesabiwa. Hilo lilikuwa kosa la sakafu ya bafu.

Kisha likaja jino. Lilianza kama mzaha, likawa linauma kwa maji baridi, halafu kwa maji ya moto, halafu bila maji. Jeki alisukutua chumvi, akatafunia upande wa pili, akajikaza kisabuni. Shavu lilipovimba, wateja wakaanza kumwonea huruma, na mmoja akamwuliza kwa sauti ya msibani kama amekula chochote. Hapo ndipo alipokwenda kwa daktari wa meno.

Daktari alikuwa binti mwembamba, mpole, wa umri ambao Jeki aliuona ni wa kutumwa dukani. Alimsimamisha kwenye mashine ya eksirei, akampa kijiti cha plastiki akiume, akamwambia asisogee. Jeki hakuwa na kumbukumbu ya mtu kumwambia asisogee, lakini hakusogea. Mashine ikamzunguka kichwa polepole kama mnunuzi anayekagua gari bovu.

Picha ilitokea kwenye kompyuta pembeni ya kiti. Jeki aliyaona meno yake yote yamejipanga na kukenua bila yeye kuyaambia. Kalamu ya daktari ilikwenda moja kwa moja kwenye jino bovu, ambalo hata dereva wa lori angeliona. Halafu ikashuka. Ikafuata ukingo wa chini wa taya kwenda kushoto, ikarudi kulia, ikasimama huko.

"Jino ni hili," daktari alisema. "Limeoza mpaka mzizini, halina la kuokoa. Tutaling'oa."

"Ling'oe."

"Lakini mama, naomba nikuulize. Umewahi kuvunjika mfupa?"

Jeki alimtazama. "Nimekuja na jino."

"Najua."

"Mkono. Niliteleza bafuni."

"Ulianguka kutoka juu?"

"Bafu letu halina juu."

Daktari akaitikia kwa kichwa, akaandika. "Na hedhi yako ilikoma ukiwa na umri gani?"

Jeki aliangalia mlango kuhakikisha umefungwa. Kisha akaangalia cheti kilichotundikwa ukutani, kuhakikisha kuwa amekuja kwa daktari aliyemdhania.

"Mapema," alisema. "Wenzangu wote walikuwa bado. Meno yanahusikaje na hayo?"

"Meno hayahusiki. Nakuonyesha." Daktari aligeuza kompyuta. "Huu ukingo wa chini wa taya kwa kawaida huwa mstari mnene, mweupe, umenyooka kama umepigwa rula. Wako umekuwa mwembamba, na kwa ndani umeliwaliwa. Mwanamke aliyekwisha koma hedhi akiwa na taya la namna hii, mara nyingi na mifupa mingine inakuwa imepungukiwa. Nyonga, mgongo, kifundo cha mkono. Sisemi unaumwa. Hii picha haipimi mifupa, inabisha hodi tu. Kipimo chenyewe kiko hospitali kubwa, nitakuandikia barua."

"Kwa hiyo umeiona nyonga yangu kupitia mdomoni."

"Sijaiona. Nimeishuku."

"Mwanangu, mimi naviringisha matairi ya malori."

"Hapo ndipo ninapoogopa," alisema daktari, akavuta sindano ya ganzi.

Jeki alirudi gereji na pamba mdomoni na amri ya kutosema mpaka damu ikate. Akakaa kwenye kiti chake kwa mlangoni, mikono magotini, kimya. Gereji haikuwahi kumwona hivyo. Mwanawe alipita mbele yake mara kadhaa bila sababu, akamwuliza kama kuna tatizo, akajibiwa kwa macho. Aliingiwa na baridi, akaenda kufagia mahali ambapo hapajafagiwa tangu baba yake alipokuwa hai. Pamba ilipotoka, maneno ya kwanza ya Jeki yalikuwa, "Yule binti amenitukania mifupa."

Nyumbani alikuwa akiishi na dada yake mkubwa, mjane kama yeye, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa kuwa alikuwa amewashonea nguo karibu wote, na wengine nguo za kuzikiwa. Fundi hakuwa na jino hata moja. Meno ya bandia alikuwa nayo, ila yalikuwa yakicheza, kwa hiyo aliyavaa kwenye picha tu. Jeki alipomsimulia habari za taya, dada mtu aliweka sindano chini ili acheke vizuri.

"Kesho atakwambia masikio yako yameonyesha una figo moja," alisema. "Hawa vijana wakikosa wateja wanabuni. Ngoja nikutilie chai."

Akainuka, akavuta kigoda, akapanda, akatoa kopo la majani ya chai kwenye rafu. Jeki akamwangalia. Alikuwa akimwona akifanya hivyo kila siku, na leo ndipo alipoona. Rafu ile ilitengenezwa kwa kipimo cha mkono wa Fundi mwenyewe, ili afikie kila kitu bila kujinyoosha.

"Dada, tangu lini unatumia kigoda?"

"Tangu seremala apandishe rafu."

"Seremala alitangulia kufa kabla ya mume wangu."

"Aliipandisha kabla ya kufa."

Fundi akashuka kwa uangalifu, akarudi kwenye kazi yake. Alikuwa akipunguza urefu wa gauni lake mwenyewe, kazi aliyokuwa akiifanya kila baada ya muda, akilalamika kwamba vitambaa vya siku hizi vinarefuka vikifuliwa. Jeki alikuwa amesikia lalamiko hilo kwa miaka na hakuwahi kulipinga, kwani yeye si fundi. Lakini kama nguo zikifuliwa zinarefuka au zinafupika, hilo alilijua.

"Simama," alimwambia dada yake.

"Nimekaa sasa hivi."

"Simama kidogo tu, dada. Karibu yangu."

Fundi akasimama, akiguna. Maisha yao yote dada ndiye alikuwa mrefu. Ndiye aliyembeba Jeki mgongoni, ndiye aliyemtolea nguo kwenye kamba, ndiye aliyekuwa akimwona mchumba kabla hajakata kona. Sasa Jeki, bila kunyoosha shingo, aliona utosi wa kilemba chake. Mgongo wake kwa juu ulikuwa umeanza kupinda, kama wa mama yao. Mama yao aliinama mpaka siku za mwisho akawa anatazama miguu ya watu badala ya nyuso. Watoto wake walisema mama anatafuta kitu alichoangusha, na yeye mwenyewe alikuwa akiucheka utani huo.

"Vipi?" Fundi aliuliza. "Nimepita?"

"Meno yako yanacheza sana," alisema Jeki. "Yule binti anajua kuyabana. Jumatatu nitakupeleka."

Ilikuwa mara ya kwanza kumdanganya dada yake kwa jambo la maana, na ilimshangaza jinsi ilivyokuwa rahisi.

Jumatatu, Fundi akiwa bado ukumbini anakosoa mshono wa pazia, Jeki alitangulia kwenye chumba cha daktari akafunga mlango.

"Ni dada yangu. Meno yake ya bandia yanamlegea, utayabana. Lakini nataka umwangalie na kule chini, kama ulivyoniangalia mimi. Tatizo ni kwamba hana jino hata moja."

"Taya analo?"

"Analo. Analitumia sana."

"Basi inatosha. Picha nilikuwa nitaipiga vyovyote, kwa ajili ya hayo meno ya bandia."

Fundi alizungukwa na mashine bila kulalamika. Ilipotokea picha, daktari aliikuza kwenye kompyuta. Hata Jeki, ambaye mpaka wiki iliyopita hakujua kwamba taya lina ukingo, aliona kwamba huu haukuwa mstari tena. Ulikuwa umebanduka tabaka kwa tabaka, na mahali pengine hukujua mfupa unaishia wapi. Fundi alivaa miwani yake ya kutungia uzi, akasogea.

"Hilo pindo limechakaa," alisema.

"Ndiyo, mama," alijibu daktari.

"Nyuzi zimetoka."

"Ndiyo."

Fundi akavua miwani. "Nilidhani mmenileta kwa ajili ya meno." Akamgeukia mdogo wake, wala hakuwa na hasira. "Ulitaka kuniambia nini kule nyumbani, uliponisimamisha?"

"Kwamba rafu haijapanda," alisema Jeki.

Daktari aliwaeleza wote wawili, taratibu, maneno yale yale ya kubisha hodi, akaandika barua ya pili. Halafu akayachukua meno ya bandia akayarekebisha mpaka yakakaa. Fundi alimshukuru sana kwa hilo, na kwa hilo tu.

Hospitali kubwa waliwalaza kwenye meza pana, mmoja baada ya mwingine, mkono wa mashine ukapita juu yao kutoka mgongoni hadi nyongani. Haikuuma, jambo lililomfanya Fundi aitilie shaka. Siku ya majibu walikaa mbele ya daktari wa mifupa, mzee mwenye sauti ya pole, aliyezungumza kana kwamba kuna mtu amelala chumba cha pili.

Mifupa ya Jeki ilikuwa imepungua sana, alisema, na mkono ule haukuvunjwa na sakafu. Mtu mwenye mifupa mizima akianguka vile huinuka na kujipangusa. Nyonga ndiyo ya kuchunga zaidi. Kisha akamgeukia Fundi.

"Wewe, mama, mifupa miwili ya uti wa mgongo imeshabonyea."

"Lini?"

"Si ya leo. Umewahi kushikwa na maumivu makali ya mgongo, ya ghafla?"

Fundi alifikiri. "Niliwahi kunyanyua cherehani kuihamisha dirishani. Nikalala wiki kadhaa."

"Ukafanya nini?"

"Niligawa godoro. Nilidhani ndilo lenye kosa."

Daktari akaandika kitu. Jeki alihisi hakikuhusu godoro.

Walipotoka walikaa kwenye benchi la nje kusubiri dawa. Watu walipita na bahasha zao. Fundi alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza Jeki aliuona udogo wake wote, kichwa kikifika sikioni mwa mdogo wake tu.

"Nilidhani nazeeka tu," alisema Fundi.

"Hata mimi nilidhani unazeeka tu."

"Na mama?"

"Mama hakuwa anatafuta kitu, dada."

"Tulimcheka."

"Na yeye alicheka."

"Alicheka ili tusiogope," alisema Fundi. Akafungua mkoba, akatoa kitambaa, akajifuta macho, akampa na mdogo wake. Walipoitwa majina dirishani, wote wawili walichelewa kusikia.

Dawa ilikuwa kidonge kimoja kwa wiki, chenye masharti ya mganga wa kienyeji. Kimezwe asubuhi, tumbo tupu, kwa bilauri nzima ya maji, na baada ya hapo mtu asilale wala asiiname kwa nusu saa. Daktari wa meno aliyakagua kwanza meno ya Jeki yaliyobaki, akaziba lililohitaji kuzibwa, kwa maana dawa hiyo na kung'oa meno havipatani. Fundi alichagua kukimezea kidonge chake mlangoni, wima kama askari wa gwaride. Majirani waliopita walimwamkia, akawaitikia bila kuinamisha kichwa, na baadhi yao wakaanza kusema kwamba siku hizi anaringa.

Kwa Jeki kidonge hakikuwa shida. Shida ilikuwa sharti la mwisho, kwamba asinyanyue vizito wala asizuie vizito. Mwanawe alilisikia kutoka kwa mama yake mkubwa, siku hiyo hiyo, kabla Jeki hajatafuta namna ya kulificha. Alimketisha mama yake ofisini.

"Matairi ya malori basi, mama."

"Sawa."

"Kweli?"

"Nimesema sawa."

Alikuwa amesema sawa kwa mdomo. Kila mwanawe alipompa kisogo, aliligusa tairi moja, akalisogeza kidogo tu, kama mtu anayeonja mboga ya mwenzake.

Siku iliyokata maneno, mwanawe alikuwa amekwenda kununua vipuri. Lori likaja na pancha, likaegeshwa pale penye mteremko mbele ya gereji, na dereva, ambaye alikuwa na haraka ya madereva wote, akaanza kufungua nati mwenyewe. Jeki alisimama upande wa chini akimwelekeza. Tairi lilipochomoka lilimponyoka dereva, likagonga lami, likasimama wima, likaanza kuteremka.

Lilikuwa linamjia Jeki. Hakuna aliyepiga kelele, kwa sababu kila mtu alijua kitakachofuata. Walikuwa wameshaona mara nyingi. Jeki angetega paja, angeliwekea bega, na tairi lingesimama kama punda aliyemtambua mwenyewe. Na kweli mguu wake ulikuwa umeshatangulia. Mwili haukumsubiri. Kisha akaiona akilini ile picha, ule mstari mweupe ulioliwaliwa, akafikiri juu ya nyonga yake iliyo ndani huko gizani, ambayo hajawahi kuiona na ambayo imembeba miaka yote hii bila kuomba chochote. Akauvuta mguu. Akasogea pembeni.

Tairi likampita. Likavuka barabara, gari moja likafunga breki, tairi likapanda ukingo wa upande wa pili na kuingia kwenye kibanda cha kinyozi, likaangusha benchi la wateja, ambalo kwa bahati halikuwa na mtu, likaegemea ukuta likitazamana na kioo. Mteja aliyekuwa kitini, nusu ya ndevu zikiwa zimenyolewa, aligeuza macho tu.

Kinyozi akalitazama tairi. "Subiri zamu yako," akaliambia, akaendelea kunyoa.

Dereva alikuwa amebaki na spana mkononi. "Jeki, vipi? Limekushinda?"

"Nimelipisha," alisema Jeki.

Akaingia ofisini akakaa. Akaibana mikono katikati ya magoti. Hakujua kama ni kwa woga au kwa aibu. Nje aliwasikia wakienda kulitoa tairi, wakicheka, mmoja akisema kwamba Jeki amekwisha, mwingine akimwambia anyamaze. Alichukua kitambaa cha karibu akajifuta uso, na hakujali kwamba kilikuwa cha grisi.

Mwanawe aliporudi alikuwa ameshasimuliwa njiani na watu watano kwa namna tano. Alisimama mlangoni na mfuko wa vipuri.

"Mama, ni kweli ulisogea?"

"Ni kweli. Nenda kamwombe radhi kinyozi, benchi lake limevunjika mguu."

Hakwenda. Aliweka mfuko chini, akakaa sakafuni kando ya kiti cha mama yake kama alivyokuwa akikaa alipokuwa mdogo, mgongo ukiegemea ukuta.

"Ahsante," alisema.

"Kwa kuvunja benchi la watu?"

"Ndiyo."

Jeki akamwekea mkono kichwani, ukaacha alama ya grisi.

Mtaa ulisema kwa muda, halafu ukapata mengine ya kusema. Jina halikumtoka. Alibaki kwenye kiti chake mlangoni akiwaelekeza vijana kwa sauti ambayo haikuwa imepungua hata chembe, na wateja wa kike waliofika na uso uliovimba aliwapa ushauri bila kuombwa. "Ukienda kwa daktari wa meno," aliwaambia, "mwambie akuangalie na huko chini." Wengi walimwelewa vibaya, akalazimika kufafanua.

Ulipofika wakati wa kupimwa tena, walirudi hospitali kubwa pamoja. Daktari yule mwenye sauti ya pole alizilinganisha picha kwa muda mrefu, akasema mifupa haijapungua, na ya Jeki imeongezeka kidogo, kiasi cha kutajwa. Fundi akauliza kama ipo dawa ya kuurudisha urefu. Daktari akasema hakuna.

"Basi," alisema Fundi. "Nilitaka kujua tu."

Nje, mfagizi alikuwa amemaliza kupiga deki ngazi, na zilikuwa zinang'aa maji mpaka chini. Wanawake wale wawili walisimama kwenye ngazi ya juu wakazitazama. Jeki akamshika dada yake mkono. Fundi naye, kwa wakati huo huo, akamshika Jeki.

"Nakushika usianguke," alisema Jeki.

"Mimi ndiye nimekushika," alisema Fundi.

Wakateremka hivyo, ngazi moja baada ya nyingine, bila haraka, wakibishana nani amemshika nani, na watu waliokuwa wakipanda wakawapisha.